Jabali la Stanage na mikarafuu yetu iliyolowa

Kwa Mhariri,

Assalaam alaykum.

Wiki mbili nyuma gazeti lako lilitoa barua ya msomaji wa Unguja mjini aliyekasirishwa na picha inayozunguka kwenye simu za watu. Kijana wa Kizanzibari, kofia ya sufu kichwani, ananing'inia kwenye jabali huko Uingereza, na chini yake nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu. Msomaji wako aliuliza kama vijana hawa tumewapeleka kusoma au kutafuta kifo, akaongeza kuwa huo ni mchezo wa matajiri waliochoka na raha, na kwamba mwenye akili zake baridi ikimpata hukaa ndani akajifunika.

Kijana yule simjui. Lakini jabali nimelitambua mara moja, kwa sababu ya mawe mawili ya duara yaliyolala nyuma ya miguu yake. Nimelikwea jabali hilo kwa zaidi ya miaka kumi, na mara nyingi ilikuwa wakati huohuo wa baridi. Naomba nafasi nimjibu ndugu yangu huyo. Kisha ninalo jambo la hapa Pemba, na hilo hasa ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Mimi ni mtu wa Mtambwe. Niliondoka nyumbani mwaka 1997 nikafikia Sheffield, nikapata kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzangu wa zamu alikuwa Mwingereza wa palepale, mfupi, mkimya, vidole vinene kama mihogo. Usiku mmoja aliniuliza kwetu nilikuwa nikifanya nini. Nikamwambia mimi ni mkwezi, mnazi naukwea kwa kitanzi cha kamba miguuni, mkarafuu naukwea bila kitu. Nilijisifu, sikatai. Akanitazama vidole, akasema Jumamosi twende.

Kutoka Sheffield unapanda treni, unapita ndani ya handaki la Totley lenye urefu wa zaidi ya kilomita 5, na ukitokeza upande wa pili mji umekwisha, uko mashambani. Tulishuka kijiji cha Hathersage tukatembea kupandisha karibu saa nzima, mpaka likaonekana jabali la Stanage, limekaa juu ya kilima kama ukuta wa ngome uliobomoka. Toka ncha hadi ncha ni zaidi ya kilomita 5. Kwa kimo si kitu cha kutisha: mita 10 pahala hapa, mita 15 pale, na kwingine zaidi kidogo. Naomba msomaji aikumbuke hiyo mita 15.

Chini ya jabali nikaona mawe ya kusagia. Nilisimama kama niliyekutana na jamaa. Duara, tundu katikati, mengine yameegemeana, nyasi zimeota kati yake. Jabali lile ni la mchanga wa chembe nenenene ulioganda tangu zama za zama, na watu wa kule walikuwa wakilichonga kuwa mawe ya kusagia. Biashara ilipokufa waliyaacha yalipo. Hifadhi ya taifa ya Peak District, ya kwanza Uingereza, iliyoanzishwa 1951, imelifanya jiwe hilo kuwa alama yake. Bibi yangu alikuwa na jiwe la kusagia ukumbini, na sisi watoto tukilipitisha kiganja linatuparuza, naye akisema jiwe laini halisagi kitu. Basi chukua jiwe la bibi, lisimamishe, lirefushe kilomita 5. Hilo ndilo Stanage.

Siku ile ilikuwa ya mwezi wa Novemba. Mvua hakuna, jua hakuna, hewa yenyewe ndiyo mbichi, kama shuka iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Nikavua viatu nikwee pekupeku, mtu wa Mtambwe kamili. Nilifika mita mbili. Mguu ukaniponyoka, nikateremka na jiwe kifuani mpaka chini, goti limechubuka na shati limekuwa kijani. Jiwe lililonisugua kama msasa nilipoligusa kwa mkono, chini ya mguu lilikuwa kama limepakwa sabuni ya mche. Mwenzangu hakucheka sana. Alisema tu nimechagua upande ambao haujakauka, na kwamba kabla ya kuangalia juu niwe naangalia jiwe.

Maneno hayo yalinichukua misimu miwili kuyaelewa.

Msomaji wako anadhani adui wa mkwezi kule ni baridi. Si kweli, na hata mimi ilinishangaza. Watu wa Sheffield wanaolipenda jabali huisubiri baridi kama sisi tunavyosubiri maji ya bamvua kwenda kutafuta pweza. Wakati wa joto kiganja kinatoka jasho na mpira wa kiatu unalegea. Asubuhi ya Januari, usiku uliotangulia kuna barafu, upepo mkavu unavuma, kipimo kinasoma nyuzi 3 au 4, jiwe lile linashika vidole na soli mpaka unahisi linakuvuta. Nimekwea siku kama hizo pahala ambapo Julai nisingethubutu. Gharama yake iko vidoleni. Kwanza vinakufa ganzi, na ukifika juu damu inaporudi kuna maumivu ambayo sijayaona mfano wake. Nimeshuhudia mzee wa watu, mwalimu wa skuli, amejikunja analia machozi huku anacheka. Hudumu dakika mbili tatu, kisha huyakumbuki.

Adui ni unyevu. Na unyevu una hila nyingi kuliko mvua. Mvua unaiona. Jabali la Stanage linatazama kusini-magharibi na upepo haulikosi, kwa hiyo hata likinyeshewa hukauka upesi. Lakini majabali yanayotazama kaskazini, au yaliyojificha nyuma ya miti, hukaa na ukoga wa kijani msimu mzima, na hakuna ushujaa unaoondoa ukoga. Karibu na pale yapo majabali ya chokaa. Hayo wakati wa baridi huvuja maji kutoka tumboni mwake wiki baada ya wiki, hata siku ya jua, na watu huyaacha. Hila kubwa kuliko zote ni siku ya joto inayofuata siku za baridi kali. Unatoka nyumbani unafurahi, hewa imelegea, hakuna wingu la mvua. Unafika, jabali linang'aa. Linatoka jasho! Jiwe bado lina baridi ya juzi, hewa imekuja na uvuguvugu na maji yake, ikiligusa jiwe inayatua. Ni kile unachokiona kwenye chupa ya maji ya friji ukiiweka barazani. Siku kama hiyo ndiyo huvunja miguu ya wageni, maana hawakuona tone likidondoka.

Kisha kuna kiatu. Ukikanyaga tope ukapanda, umepanda na tope. Kila mkwezi kule ana kipande cha zulia kuukuu anachokitandika chini ya jabali. Anasimama juu yake, anafuta soli kwa kitambaa na kwa mate mpaka mpira ulie. Nilimwona bwana mmoja, nadhani alishavuka miaka sabini, akifuta viatu kwa utulivu kama anayetawadha. Akapanda hatua mbili, akageuza shingo akaona wingu upande wa Manchester, akashuka, akakunja kamba, akatuaga, akaenda kituo cha treni. Safari yote ile kwa hatua mbili. Hakuna aliyemcheka.

Hilo ndilo ninalotaka ndugu yangu wa Unguja alifahamu. Picha inamwonyesha kijana ananing'inia. Haimwonyeshi asubuhi ngapi amefika akageuza. Watu hao wanajua kujizuia kuliko nilivyowadhania. Kusini mwa Uingereza kuna majabali ya mchanga laini ambayo yakilowa hupoteza nguvu, na pahala pa kushika hubanduka mkononi. Basi mvua ikinyesha hawayagusi mpaka yakauke, kwa hofu ya mtu na kwa huruma ya jiwe. Na mwaka 2001 ulipoingia ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, njia za mashambani zilifungwa, hata sisi wa miguu mitupu tusio na ng'ombe hatukuruhusiwa kupita. Jabali tukilitazama kwa mbali barabarani. Msimu mzuri ulipotea na watu walinung'unika, lakini walikaa.

Kuhusu utajiri, kidogo tu. Waliolifanya jambo hili kuwa la kila mtu baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa mafundi. Joe Brown wa Manchester alikuwa fundi bomba. Don Whillans wa Salford vilevile. Wakwezi wa enzi zao hawakuwa na duka la kununua vifaa, wakiokota nati kando ya reli ya mlima Snowdon, wanazisugua ndani, wanapitisha kamba, wanazipachika kwenye nyufa za jiwe zishike. Brown huyohuyo, mwaka 1955, yeye na George Band walikuwa watu wa kwanza kuukwea mlima Kangchenjunga, wa tatu kwa urefu duniani, na walisimama hatua chache chini ya kilele kwa sababu ya ahadi waliyowapa wenyeji wanaouheshimu. Mtu wa mabomba huyo.

Sasa nifike kwetu.

Siku za Desemba kule jua linatoka saa mbili na dakika ishirini asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia ndani ya muda usiozidi saa nne, hujamaliza kukunja jamvi la sala unalikunjua tena. Ramadhani ya 1999 iliangukia humo. Funga ilikuwa nyepesi kwa urefu, nzito kwa baridi, na siku hizo sikukwea, nilikuwa mshika kamba tu. Jua lilipozama nilifungua chupa ya chai. Chai yangu nilikuwa nikiitia tangawizi na karafuu, na karafuu zenyewe ni za nyumbani, mama alizifunga kwenye kitambaa akazipitisha kwa mtu. Mwenzangu alikunywa, akatafuna karafuu moja, akaniuliza inaota wapi. Nikamweleza mkarafuu: mti wa mita 10, mita 15 ukizeeka, matawi yake dhaifu yanayokatika bila kulia, na vikonyo vya karafuu viko nchani kabisa, pahala ambapo tawi ni jembamba kuliko mkono. Nikamweleza kuwa mchumaji hupanda, hulivuta tawi kwa upembo, hujaza pakacha.

Akauliza, na amefungwa na nini?

Nikasema hafungwi.

Akakaa kimya. Giza lilikuwa linaingia na mimi nilikuwa na tende mdomoni. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau. Kama mti ule na jabali hili vina kimo kimoja, kwa nini hapa, tunakocheza, tuna kamba, na kule mnakotafuta riziki hamna?

Nilimjibu kuwa sisi tumezoea. Lilikuwa jibu la aibu, kwa sababu kaka yangu wa baba na mama alianguka mkarafuu vuli ya 1994. Alikuwa mkwezi bora kuliko mimi, na kijiji kizima kilijua. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi ilitulia, karafuu zilikuwa zimeiva na zikiachwa siku mbili tatu zinachanua na thamani yake inashuka. Akapanda saa moja asubuhi. Hakuna tawi lililokatika. Mguu tu uliteleza kwenye gome, kama wangu ulivyoteleza Stanage miaka mitatu baadaye, ila mimi nilikuwa mita mbili na yeye alikuwa juu. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani, tukangoja gari ya shamba. Kiuno hakikurudi. Mpaka leo anatembea kwa mkongojo.

Kule Stanage, katika miaka yangu yote, nimeona machela mara mbili. Waokoaji wa milimani ni watu wa kujitolea, hawalipwi, wanaacha kazi zao na kupanda na taa vichwani. Mara zote mbili aliyebebwa alikuwa na mguu uliovunjika na ulimi uliokuwa unaomba radhi kwa kuwasumbua watu.

Wazee wa zamani wa kukwea Uingereza walikuwa na kanuni moja: anayetangulia haanguki. Si kwamba walikuwa hodari kuliko wa leo. Kamba zao zilikuwa za nyuzi za mimea, hazivutiki, zikifungwa kiunoni tu. Mtu akianguka ama kamba ilikatika, ama ilimkata yeye. Kwa hiyo kanuni ikawa ni kutoanguka basi. Kamba za nailoni zilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, zinavutika kidogo na kumpokea mtu. Mwaka 1970, kwa ajili ya safari ya mlima Annapurna, Whillans akabuni mkanda unaopita mapajani, uzito wa mtu ukashuka kwenye mapaja badala ya mbavu. Tangu hapo kuanguka kukawa ni sehemu ya mchezo. Sisi kwenye mikarafuu bado tuko katika ile kanuni ya kwanza. Mchumaji haanguki. Akianguka tunasema siku yake ilifika, na anayetaka kuniletea kadari ninamkumbusha ile hadithi ya ngamia, mfunge kwanza kisha mtegemee Mungu, ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua.

Nilirudi 2009. Nina shamba la urithi, si kubwa, mikarafuu mingine ni ya enzi za babu. Kimbunga cha 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, ndiyo maana mzigo huu ni wetu zaidi kuliko wao. Pemba tunapata mvua karibu mara mbili ya Sheffield kwa mwaka. Jua letu ni kali na hukausha upesi, hilo ndilo linalotudanganya. Barabara imekauka, jamvi limekauka, mtu anadhani na mti umekauka. Nendeni mkaushike. Mkarafuu wa kilimani, upande wa mashariki, huwa tayari saa tatu. Wa bondeni, wenye kivuli cha miembe, saa tano gome lake bado linateleza, na upande wake wa chini ya panda una ukoga wa kijani uleule niliouvaa shatini kule. Tangu nirudi nimekuwa nikiupapasa kila mti kwa nyuma ya kiganja kabla mtu hajapanda. Mwanzoni majirani walidhani ninaisomea dua.

Kamba ilikuwa kazi kubwa zaidi, na sitaki kumdanganya mtu. Tunarusha uzi wenye kijiwe juu ya panda nene ya shina, juu kadiri inavyowezekana, tunavuta kamba. Haipitishwi moja kwa moja kwenye mti, itakata gome. Tunafunga mkanda mpana na pete ya chuma, kamba inapita kwenye pete. Mchumaji anavaa mkanda wa mapajani, na mwenziwe anakaa chini na kuishika kamba, analegeza akipanda, anakaza akitulia. Shida iko nchani. Mchumaji akienda mbali na shina tawi likakatika, haanguki chini, lakini anabembea na kurudi kujigonga kwenye shina. Najua kwa sababu nilijiachia mwenyewe makusudi mara tatu, na mara ya tatu bega liliniuma wiki. Kofia ngumu ni lazima. Na kamba isiwe ya usumba wala ile ya dukani ya kufungia mizigo. Iwe ya kukwelea, yenye kuvutika, na isikae miaka zaidi ya kumi hata kama haijatumika. Ikilowa nayo hupungua nguvu, kwa hiyo ianikwe kivulini. Kwa bei, yangu ilinigharimu chini ya thamani ya gunia moja la karafuu kavu.

Wachumaji hawakuipenda. Mmoja, kijana hodari, aliniambia waziwazi: ami, hii inanichelewesha, na wewe unanilipa kwa nilichochuma, hulipi kwa nilivyofungwa. Alisema kweli. Hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo, na nawaambia wenye mashamba wenzangu bila kuwapaka mafuta. Malipo ya kipimo ndiyo yanayompandisha mtu mti mbichi saa moja asubuhi. Sisi tumekaa chini tunahesabu, halafu akianguka tunakwenda kumjulia hali na kilo ya sukari. Msimu ule nilibadilisha. Asubuhi ya mvua ninawalipa kwa kazi ya chini: kuchambua, kutenga makonyo, kuanika, kuokota zilizodondoka. Kupanda ni baada ya kuupapasa mti. Nilipoteza karafuu kiasi zilizochanua mtini, na hasara hiyo niliiona kwenye mizani siku ya kwenda kuuza. Ilinikera. Msimu uliofuata nilifanya hivyohivyo.

Ningeomba wanaowagawia wakulima miche na majamvi wafikirie na kamba. Lakini sisubiri ombi hilo lijibiwe, na mwenye shamba asijifiche nyuma yake.

Kijana mmoja wa Konde aliwahi kuniuliza kama tunaweza kukwea miamba ya Kigomasha kama ile ya Uingereza. Nilimwambia hapana. Jiwe letu la matumbawe limeliwa na bahari kwa chini, juu limeninginia, lina makali kama wembe, na likiguswa na mawimbi halina mahali pa mguu. Akitaka kujifunza aje kwangu, ninayo miti.

Mwaliko huo ni kwa yeyote. Msimu wa kuchuma, Jumapili asubuhi, si mapema. Aulizie Mtambwe nyumba ya yule mwenye kamba. Atamkuta kaka yangu amekaa chini ya mti, mgongo umeegemea shina la mkarafuu wa pili na yeye mwenyewe amefungwa hapo asivutwe, mkongojo pembeni, kamba mikononi. Misimu minne sasa hataki mtu mwingine aishike. Wiki iliyopita kijana alianza kupanda kabla ya saa nne, kaka akaukaza mkono, kijana akabaki ananing'inia futi nne toka chini kama pakacha, anatupa miguu.

"Shuka," kaka akamwambia. "Bado una maji."

Wako,
Mkwezi wa zamani,
Mtambwe, Pemba